Maswali ya wasomaji: Bingwa wa mapafu kwa kadi ya bima ya umma

Barua za safari hii karibu zote zina kilio kimoja. Mtu ana kadi ya bima ya afya ya umma, ana tatizo la kifua, na anataka kumfikia daktari bingwa wa mapafu bila kutoa fedha ambazo kadi ilipaswa kuzitoa. Tumechagua barua zinazogusa hatua tofauti za safari hiyo. Taratibu za mifuko hupishana, hivyo tunapoandika "mifuko mingi" usiishie hapo: ulizia wa kwako.

Orodha ya mfuko ina majina, lakini kila ninayempigia hapatikani

*Kwenye orodha ya mfuko wetu wapo mabingwa wa mapafu kadhaa. Wa kwanza alishahama. Kwa wa pili mapokezi wamenijibu "bima hiyo hatupokei." Kwa wa tatu nimepokelewa na nimeonwa, kisha nikaambiwa kipimo nilipie mwenyewe. Sasa orodha ni ya nini? – Msomaji aliyechoka kupigwa danadana*

Mara nyingi orodha hiyo inakuambia nani aliwahi kusajiliwa, wakati wewe unataka kujua nani atakuona wiki ijayo kwa kadi yako. Tofauti hiyo ndiyo inayokutoa jasho.

Mifuko mingi ya umma hufunga mkataba na kituo, haifungi na daktari binafsi yake. Bingwa mmoja anaweza kuwa hospitali ya umma asubuhi, ambako kadi yako inafanya kazi, na jioni akawa kwenye kliniki ya kulipia ambako haifanyi. Jina ni lilelile, uso ni uleule, ila bili inaandikwa na watu wengine. Akihama, orodha huchukua muda mrefu kubadilishwa. Mkataba wa kituo nao unaweza kuwa umekwisha na haujahuishwa, na bango la mfuko likawa bado linaning'inia getini.

Kisa cha bingwa wako wa tatu ndicho kinachowaumiza wengi zaidi. Kumwona daktari, kufanyiwa kipimo na kupewa dawa ni huduma tatu ambazo zinaweza kuwa na mikataba mitatu. Chumba cha daktari kikawa ndani ya mkataba, mashine ya kupima pumzi ikawa ya kampuni nyingine iliyopangisha chumba cha pili, na eksirei ikasomwa na mtu wa tatu. Kwa mgonjwa wa mapafu hili ni zito, kwa sababu bingwa wa mapafu bila vipimo hafiki mbali.

Kwa hiyo simu yako isiishie kwenye "mnapokea bima?" Swali hilo lina jibu jepesi la "ndiyo", na ndiyo hiyo haikufungi wewe wala wao. Taja jina la mfuko na aina ya kifurushi kilichoandikwa kwenye kadi, maana kituo kinaweza kupokea watumishi wa serikali na kisipokee wanachama wa kujiunga kwa hiari, ingawa mfuko ni mmoja. Kisha uliza kama daktari huyo, kwa jina lake, anaona wagonjwa wapya wa bima hiyo kwenye jengo hilo, na siku gani. Uliza kama kipimo cha kupuliza, eksirei na CT skani vinafanyika hapohapo kwa kadi hiyohiyo. Uliza rufaa inatakiwa kutoka ngazi gani na itumwe kwa njia gani. Uliza kibali cha awali, yaani ruhusa ya mfuko kabla ya huduma, nani anakiomba, wao au wewe. Malizia na hili: "Siku hiyo nitatoa chochote mfukoni, na ni cha nini?" Hapo ndipo "tofauti ya bei" na "ada ya faili" hujitokeza. Andika jina la aliyekujibu, tarehe na saa. Ukipigiwa chenga kaunta, karatasi hiyo ina nguvu kuliko sauti ya juu.

Omba kuongea na dawati la bima badala ya mapokezi. Mapokezi wanajua ratiba. Dawati la bima wanajua madai yapi yalirudishwa mwezi uliopita.

Orodha ikikushinda kabisa, geuza mwelekeo wa utafutaji: acha jina, fuata mashine. Uliza mfuko ni vituo vipi vilivyoidhinishiwa spairometri, yaani kipimo cha kupuliza, au uchunguzi wa mapafu kwa mrija wenye kamera. Palipo na vifaa hivyo pana mtu anayevisoma. Hospitali za kufundishia na hospitali za kanda ndizo zenye nafasi kubwa. Na usiwapuuze mabingwa wa magonjwa ya ndani wanaoendesha kliniki ya kifua. Pumu ya kawaida, ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa na nimonia isiyopona haraka vinaweza kutibiwa vizuri na bingwa wa magonjwa ya ndani, na foleni yake ni fupi. Bingwa wa mapafu mwachie makovu ya mapafu, vinundu vyenye shaka, pumu isiyotulia kwa dawa za kutosha na maji ya kifuani yasiyojulikana chanzo.

Ukipata miadi ya mbali, ichukue. Halafu omba kuwekwa kwenye orodha ya watakaopigiwa nafasi ikiachwa wazi, na uwaeleze unaweza kufika kwa taarifa ya muda gani. Mgonjwa anayeweza kufika kwa saa mbili huitwa kabla ya anayehitaji siku mbili.

Na kama kweli hakuna bingwa mwenye mkataba unayeweza kumfikia? Uliza mfuko kwa maandishi kama unatoa kibali cha kutibiwa nje ya vituo vyake. Mingi ina kifungu hicho, ingawa si jambo wanalolitangaza. Ambatisha rufaa, orodha ya vituo ulivyopiga simu na majibu yao. Kibali kije kabla ya matibabu. Kikiombwa baada ya matibabu, kwa kawaida huwa umechelewa.

Jambo dogo linaloharibu siku nzima: hakikisha uanachama wako uko hai kabla ya kusafiri. Mwajiri akichelewesha michango, kadi hugoma kaunta hata kama makato yako yanaonekana kwenye hati ya mshahara. Na majina yaliyo kwenye kadi, kitambulisho na rufaa yafanane herufi kwa herufi.

Nimekohoa wiki tatu. Niende moja kwa moja kwa bingwa?

Hapana, na bima nyingi hazitakulipia ukifanya hivyo. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kinaanzia kwenye kipimo cha kifua kikuu na eksirei ya kifua, na vyote hupatikana ngazi za chini. Mwambie pia daktari dawa zote unazotumia. Dawa za presha ambazo majina yake huishia na "-prili", kama enalaprili, lisinoprili na kaptoprili, huleta kikohozi kikavu kwa baadhi ya watu. Kubadilishiwa dawa hutosha, ingawa kikohozi kinaweza kuchukua wiki kadhaa kuisha. Usiiache mwenyewe.

Kwa mtu mzima kikohozi huitwa sugu kikipita wiki 8, kwa mtoto wiki 4. Kikifika hapo na eksirei haina jibu, rufaa ya bingwa ina msingi.

Yapo ya kukimbilia dharura bila kungoja rufaa ya mtu: kukohoa damu nyingi, midomo kuwa ya bluu, kushindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, maumivu ya ghafla ya kifua pamoja na mguu mmoja uliovimba. Dharura haiombewi rufaa kwenye mifuko mingi, lakini ndugu wapige simu kwa mfuko mapema baada ya kulazwa, kwa sababu muda wa kutoa taarifa ni mfupi.

Rufaa yangu imerudishwa

*Daktari wa kituo chetu aliandika mstari mmoja: "Tafadhali mwone mgonjwa huyu, tatizo la kifua." Hospitali ya rufaa wamenirudisha. Barua inatakiwa iweje? – Mama wa watoto wanne*

Mama, waliokurudisha hawakukuonea. Bingwa hupanga foleni kwa kusoma barua, na barua yako haikumpa sababu ya kukutanguliza. Mfuko nao hulipia kile kilichoombwa, na hapo hakikuombwa kitu. Linganisha na hii tuliyoitunga kwa mfano:

*"Mwanamke wa miaka 52. Anaishiwa pumzi akipanda ngazi, miezi 7 sasa, hali inaongezeka. Kikohozi kikavu. Hana homa, hakohoi damu, amepungua kilo 4. Hajavuta sigara, amepikia kuni miaka 30. Kipimo cha kifua kikuu hakikuonyesha vimelea (tarehe). Eksirei ya kifua (tarehe) imeambatishwa: vivuli sehemu ya chini, pande zote mbili. Oksijeni 95% akiwa amekaa, 87% baada ya kutembea dakika 6. Ametumia salbutamoli na beklometasoni wiki 8 bila nafuu. Swali: je, mapafu yanaota makovu? Tunaomba aonwe na bingwa, apimwe uwezo wa mapafu kikamilifu na afanyiwe CT skani ya kifua. Ndani ya wiki 4."*

Ni mistari michache tu. Oksijeni kushuka kutoka 95 hadi 87 kwa kutembea ndiyo itakayomfanya bingwa aipandishe barua hii juu ya rundo, na ni kipimo kisichohitaji zaidi ya kifaa cha kidoleni na saa. Maneno "wiki 8 bila nafuu" ni ya mfuko: salbutamoli hufungua njia za hewa, beklometasoni ni steroidi ya kuvuta inayotuliza uvimbe, na kanuni nyingi za kibali hutaka kuona matibabu ya kawaida yalijaribiwa kwanza. Vipimo vimetajwa kwa jina ili usirudishwe nyumbani kutafuta rufaa ya pili kwa ajili ya CT skani.

Kwa mvutaji sigara, daktari aandike hesabu ya pakiti-miaka: gawanya idadi ya sigara za siku kwa 20, zidisha kwa miaka ya kuvuta. Sigara 10 kwa siku kwa miaka 30 ni pakiti-miaka 15. "Anavuta kidogo" haisaidii mtu.

Kabla hujatoka chumbani soma vitu vitatu kwenye karatasi: tarehe ya mwisho wa rufaa, idadi ya mahudhurio inayoruhusu, na mhuri. Rufaa inayoisha kabla ya siku ya miadi ni tatizo la kila wiki kwenye madawati ya bima. Kama miadi iko mbali kuliko uhai wa rufaa, mwombe daktari aihuishe mapema. Na ukiandikiwa hudhurio moja, hudhurio la kurudisha majibu litahitaji karatasi nyingine, hata kama ni kwa daktari yuleyule aliyekutuma kwenye vipimo.

Nimepuliza mashine, wanasema kipimo hakifai na bima hailipi cha pili

*Nilifanya spairometri. Bingwa amesema matokeo hayasomeki, nirudie. Mfuko unasema nimeshapimwa ndani ya mwaka. – Mwenye pumu*

Kwanza upande wa mfuko. Mwombe aliyekupima aandike kwamba kipimo hakikukidhi vigezo vya ubora, na aeleze kwa nini. Hapo ombi jipya litakuwa la kukamilisha kipimo kilichoshindikana, na wakaguzi hulitazama tofauti na kurudia kipimo kizima. Angalia pia kama uliandikiwa kipimo cha kawaida au cha kabla na baada ya dawa. Kwenye mifuko mingi ni misimbo miwili tofauti, yaani namba mbili za huduma kwenye bili. Kwa pumu unahitaji cha pili, na kibali kikiwa cha kwanza, mpimaji ataishia nusu ya kazi.

Sasa kipimo chenyewe, maana kinategemea mgonjwa kuliko kipimo kingine chochote cha kifua. Unavuta pumzi hadi kifua kijae kabisa, unabana midomo kwenye mrija pasipo kuacha upenyo, unapuliza ghafla kwa nguvu zote, halafu unaendelea kutoa hadi hewa iishe kabisa. Makosa yanayojirudia ni kuanza kwa kusitasita, kukohoa ndani ya sekunde ya kwanza, kuacha kupuliza mapema, ulimi kuziba mrija, na hewa kupenya pembeni mwa midomo. Meno ya bandia yanayokaa vizuri yabaki mdomoni, husaidia kubana.

Lazima yapatikane mapulizo matatu yanayokubalika, na mawili makubwa yasipishane zaidi ya mililita 150. Mtu mzima kwa kawaida haendi zaidi ya mara nane, kwa sababu uchovu huanza kuharibu. Halafu unapewa mikupuo minne ya salbutamoli, mikrogramu 100 kila mmoja, unangoja dakika 10 hadi 15, unapuliza upya. Mpimaji asiyekungojesha ameharibu kipimo, hata grafu ikitoka nzuri.

Maandalizi yaulizwe siku unapopewa miadi. Kama bingwa anataka kukuona bila dawa, salbutamoli husimamishwa saa 4 hadi 6 kabla, formoteroli na salmeteroli saa 24, na tiotropiamu saa 36 hadi 48. Dawa ya kuzuia pumu yenye steroidi peke yake haina haja ya kusimamishwa. Ukibanwa katikati ya muda huo, tumia dawa yako na uwaambie; kipimo kitapangwa siku nyingine. Usivute sigara wala usifanye mazoezi mazito saa moja kabla, usinywe pombe saa 8 kabla, na vaa nguo isiyobana kifua na tumbo.

Kuna wanaopaswa kungoja kwanza: aliyepata shambulio la moyo au aliyefanyiwa upasuaji wa jicho ndani ya wiki moja, aliyefanyiwa upasuaji wa kifua, tumbo au ubongo ndani ya wiki 4, na yeyote anayeshukiwa kuwa na kifua kikuu kinachoambukiza. Huyo wa mwisho apimwe makohozi kwanza, kwa ajili ya wanaomfuata kwenye mrija na kwa ajili ya mpimaji.

Ondoka na karatasi yenye grafu, usikubali iliyoandikwa tarakimu peke yake. Bingwa anasoma umbo la mchirizi kabla ya namba. Katika watu wazima, uwiano wa hewa ya sekunde ya kwanza kwa hewa yote ukiwa chini ya 0.70 baada ya dawa, njia za hewa zimeziba. Lakini uwiano uliotokana na pulizo baya hauna maana yoyote.

CT skani imeonyesha kinundu cha milimita 5. Miadi ya bima ni miezi mitatu. Niuze kitu nikalipie?

Usiuze kabla hujasoma ripoti yote. Kwa mtu wa miaka 35 na kuendelea, asiye na saratani wala upungufu wa kinga, mwongozo wa mwaka 2017 wa Fleischner, jumuiya ya wataalamu wa picha za kifua, unasema kinundu kigumu kimoja (kilichojaa, kisichoonekana kama ukungu kwenye picha) kilicho chini ya milimita 6 hakihitaji picha za ufuatiliaji kama hatari ya saratani ni ndogo. Kama hatari ni kubwa, kwa mfano mvutaji sigara wa muda mrefu, picha ya kurudia hufikiriwa baada ya miezi 12. Cha milimita 6 hadi 8 hurudiwa baada ya miezi 6 hadi 12. Juu ya milimita 8 ndipo mazungumzo ya haraka huanza: kurudia picha baada ya miezi mitatu, au kutoa kipande cha nyama. Miezi mitatu yako, kwa milimita 5, haipotezi kitu. Ila kama unapungua uzito au unakohoa damu, habari ni nyingine: daktari wako aandike rufaa upya kama ya haraka.

Chukua picha zenyewe kwenye diski au njia ya kuzifungua mtandaoni, pamoja na ripoti. Picha ya simu iliyopigwa kwenye filamu iliyobandikwa dirishani, ambayo watu hutumiana sana, haipimiki. Na kama uliwahi kupiga picha ya kifua miaka ya nyuma, itafute. Kinundu kigumu ambacho hakijabadilika kwa miaka miwili kwa kawaida si saratani, na picha hiyo ya zamani inaweza kukuokolea kibali kizima.

Famasi wamekataa inhela niliyoandikiwa na bingwa

Sababu za kawaida ni mbili. Ya kwanza, imeandikwa kwa jina la kibiashara ambalo haliko kwenye orodha ya dawa za mfuko. Usinunue, na usiondoke mikono mitupu pia. Mwombe mfamasia akuonyeshe zilizomo za kundi hilohilo, kisha ampigie bingwa abadilishe. Asibadilishe mwenyewe kifaa kwa kifaa: inhela ya kunyunyiza huvutwa polepole, ya unga huvutwa kwa nguvu, na mtu aliyezoea moja huikosea nyingine bila kujua. Kama bingwa anataka ileile kwa sababu ya kitabibu, kuna fomu ya maombi maalumu. Aeleze dawa zipi zilishindwa, kwa dozi gani na muda gani.

Ya pili ni hesabu. Mikupuo miwili mara mbili kwa siku ni minne. Inhela ya mikupuo 120 inaisha siku 30, ya mikupuo 200 inaisha siku 50. Ukirudi siku ya 30 wakati ulipewa inhela ya mikupuo 200, mfumo utakataa, na kwa haki. Kuitumbukiza kwenye maji uone kama inaelea hakuonyeshi kilichobaki. Tumia kihesabu chake, au andika tarehe ya kuanza kwenye ganda.

Kitu ambacho famasi hawatakuambia: wakikupa salbutamoli na kukunyima dawa ya kuzuia yenye steroidi, usiridhike. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, haushauri salbutamoli peke yake kwa watu wazima na vijana. Inafungua njia za hewa, haigusi uvimbe ulio ndani. Anayemaliza inhela tatu au zaidi za salbutamoli za mikupuo 200 kwa mwaka yumo kwenye hatari kubwa zaidi ya shambulio kali. Namba hiyo ndiyo ya kumwekea mezani mkaguzi wa bima anayeona dawa ya kuzuia ni anasa.

Oksijeni ya nyumbani: mfuko unataka nini?

Unataka ushahidi kwamba oksijeni iko chini mgonjwa akiwa ametulia na amekwisha kupata matibabu yake yote. Siku aliyozidiwa haihesabiki. Kiwango kinachotumika sana ni shinikizo la oksijeni kwenye damu ya ateri la milimita 55 za zebaki au chini, au kipimo cha kidoleni cha 88% au chini. Mifuko mingi hudai damu ya ateri, na ina sababu: kifaa cha kidole hudanganywa na rangi ya kucha na vidole vya baridi, na kwa watu wenye ngozi nyeusi kinaweza kuonyesha namba kubwa kuliko hali halisi. Hoja hiyo ya mwisho itumieni. Mgonjwa anayesoma 90% kwenye kidole anaweza kustahili akipimwa damu.

Maagizo ya daktari yataje lita kwa dakika na saa kwa siku. Oksijeni ya muda mrefu ni angalau saa 15 kwa siku. Lita 2 kwa dakika kwa saa 15 ni lita 1,800 kila siku, kwa hiyo mtungi mkubwa wa lita 6,800 haufikishi siku nne. Weka hesabu hiyo kwenye ombi la mashine ya kuchuja oksijeni, kisha omba na mtungi wa akiba kwa siku umeme ukikatika. Nyumbani pasivutwe sigara, na mgonjwa asikae karibu na moto wa aina yoyote.

Nilichonga mawe miaka 18, sasa sipumui vizuri

Kabla ya kadi ya bima ya afya, uliza kuhusu fidia ya wafanyakazi. Magonjwa ya mapafu yanayoletwa na vumbi la mawe au la asbestosi ni magonjwa ya kazini, na pengine mlipaji si mfuko wako wa afya. Mwambie bingwa historia ya kazi kwa mwaka na kwa mahali, na aiandike kwenye faili siku ya kwanza. Muda wa kudai fidia, kwa taratibu nyingi, huanza kuhesabiwa tangu ugonjwa ulipotambuliwa. Kifua kikuu kipimwe pia. Vumbi la mawe humwongezea mtu hatari hiyo hata miaka mingi baada ya kuacha kazi.

Madai yamekataliwa. Nianzie wapi?

Anza kwa kuomba sababu kwa maandishi, pamoja na msimbo wa huduma na tarehe ya mwisho wa kukata rufaa ya madai. "Mfumo umegoma" si sababu. Soma msimbo kwanza, kwa kuwa makosa mengi ni ya karani: ugonjwa ulioandikwa haufanani na kipimo kilichoombwa, CT skani ya kifua ikaombewa kwa utambuzi wa mafua. Hayo hurekebishwa na kituo kwa kutuma upya, hayahitaji barua yako.

Kama kukataa ni kwa hoja ya kitabibu, mwombe bingwa azungumze na daktari wa mfuko moja kwa moja. Simu ya namna hiyo hufungua kisichofunguliwa na barua tatu. Ikishindikana, andika ukurasa mmoja: ulichoomba, sababu waliyotoa, kwa nini haisimami, na nini kitatokea kipimo kisipofanyika. Ambatisha rufaa, grafu ya spairometri, ripoti ya picha na karatasi yako ya simu yenye majina na tarehe. Peleka nakala mbili, moja ugongewe mhuri wa kupokelewa urudi nayo.